Mlimani Bila Simu

Jumatano, 10 Juni

Salamu, daftari langu. U mzima? Umekaa chini ya godoro tangu Pasaka, nisamehe. Mimi ni mzima kwa neema ya Bwana, isipokuwa hili goti.

Leo Pasta Didier amepita kwenye meza yangu ya majaketi ya mitumba hapa mtaani Hillbrow. Kanisa linapanda milima ya Drakensberg Ijumaa, kufunga na kuomba, kushuka Jumanne ya sikukuu. Akaniuliza baridi itakuwaje. Kanisani mimi ndiye ninayeulizwa hayo, maana kila mwaka nasikiliza utabiri kabla sijanunua balo la mitumba. Nikamwambia redio imesema baridi ya mwaka huu inachelewa, mchana jua tupu. Hata majaketi hayatoki. Akasema basi Mungu amefungua njia.

Ijumaa, 12 Juni

Wameondoka asubuhi, watu tisa, teksi moja ya kukodi, ile ya basi dogo. Goti limenibakiza, kwa hiyo nimepewa kikapu cha simu. Ndiyo desturi yetu: anayepanda kuomba humwachia simu anayebaki. Pasta husema Musa hakupanda na simu.

Murielle wangu — miaka ishirini na moja, mara yake ya kwanza kupanda — akamjibu kwa Kiingereza chake, eti Musa hakuwa na mama Hillbrow.

Halafu nikamkuta na simu ya pili! Kadogo, ndani ya soksi. Nikaichomoa mbele ya wote. Nikasema, mwanangu, Mungu hapigiwi kwa mtandao. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alipanda teksi bila kunitazama.

Watu tisa, simu kumi.

Jumapili, 14 Juni

Ee Mungu wangu.

Nimetoka ibadani, nimewasha redio, nakatakata vitunguu. Wanatangaza: tambarare za huku kwetu, upepo na baridi ya kuuma. Milimani theluji nzito kuanzia leo mchana, walioko juu washuke. Nilidhani wanasimulia habari za mwaka jana. Nikaongeza sauti. Si za mwaka jana.

Ule utabiri wangu ulikuwa wa huku! Wa tambarare! Milima sikuiuliza. Miaka kumi na nne nawauzia watu wa Hillbrow, masikio yangu yamezoea kusikia Hillbrow tu. Na wale wamebeba blanketi za kulalia nyumbani. Leo siku ya tatu hawajala.

Nikampigia Pasta. Simu ikalia kikapuni. Nikampigia Murielle — akili yangu iko wapi? — ikalia palepale, karibu na mguu wangu.

Sasa zinalia zote. Wenye watu wao wamesikia redio. Nimepokea ya Emery, mmoja wa wale tisa. Ni mkewe, Orpha. "Emery, mmeshuka?" Nikamwambia ni mimi, Mama Murielle. Halafu akauliza, "Kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyebaki na simu?"

"Ilikuwepo moja," nikasema. "Niliichukua mimi."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 15 Juni

Polisi wa kule wanasema barabara ya mlimani imefungwa. Wameandika namba yangu. Orpha amekuja tangu asubuhi, tumekaa sakafuni, kikapu katikati. Ameniletea chai. Sijaigusa. Wao hawajala, mimi nimeze nini?

Nje upepo unang'oa mabati. Karimu wa meza ya jirani amekuja kugonga: watu wanaulizia majaketi, wanagombania. Nimempa ufunguo wa stoo. Nimemwambia uza, gawa, fanya utakavyo.

Zaburi ya mia na ishirini na moja naijua kwa moyo. Nitayainua macho yangu niitazame milima — leo nimekwama hapo.

Saa nane mchana. Amepiga mwenye shamba, pale walipoacha teksi. Polisi ndio waliompa namba. Anasema tangu asubuhi wameshuka watu saba kwa miguu, amewaweka kwenye banda lenye jiko la kuni. Wengine bado. Vijana wake wamepanda kuwatafuta, lakini theluji haijakatika.

Saba.

Akaniuliza nataka majina? Orpha akanitazama, nami nikamtazama, kila mmoja akahesabu kimyakimya. Mimi namtaka wangu awe kati ya saba. Yeye anamtaka wake. Naona haya mbele zako, Bwana, lakini ndivyo nilivyoomba.

Mwenye shamba akasema basi ngoja, namwita mmoja wao aje aongee kwa lugha yenu.

Simu iko juu ya kitanda, sauti wazi. Naandika ili mkono huu upate kazi. Upepo wa kule unasikika. Mlango umefunguliwa. Mtu anakuja, anaburuta miguu. Orpha amenishika bega, kucha zinaingia.

Ameshika simu. Anapumua tu.

Ni nani wewe? Nijibu upesi, tafadhali.