Risasi ya Mwisho ya Kapiteni Nungu

Muzee Bahati,

Mama Solange ameniambia nikuandikie, labda nitaacha kugombana na karatasi. Tangu tukuzike, mke wako huyo ananilisha fufu na kuniuliza swali moja tu: ukurasa wa mwisho utaisha lini? Ndiye aliyenikabidhi bahasha yako. Ndani yake Kapiteni Nungu wa vitabu vyetu vya katuni amesimama darajani, amemwelekezea adui yake Chui bastola, na vyote viko kwa penseli. Ulikufa kabla ya wino.

Naona aibu kukuambia kwamba nilifurahi. Msibani nililia, kweli nililia, lakini nilipouona ule ukurasa nilifurahi, kwa sababu sasa ni mimi ningemuua Chui.

Unajua kwa nini. Nilikueleza mara moja tu, tukingoja fotokopi pale Birere, habari za yule mtu wa buti ndefu aliyemwita papa, baba yangu, nje ya nyumba yetu kule Masisi, akamuua. Katika kitabu kilichofuata, Chui alikuwa amevaa buti ndefu.

Watu wa Mabanga wananisimamisha njiani. Yule mama muuza makala alinishika mkono kwa vidole vyeusi vya makaa: "Nungu amupige tu, tulishachoka kungoja." Wote wanajua imebaki risasi moja. Ile bastola uliibuni mwenyewe, fupi, nene, tundu la kidole pana kama sikio la kikombe ili makucha ya nungunungu yaingie, na jeshi zima la wanyama halina nyingine ya aina ile. Nilipozoea kuchora milipuko ovyo ulinikemea. "Iko na risasi sita. Hakuna butike ya risasi mu ile pori." Kila risasi iliyotoka uliipigia mstari wa chaki mlangoni.

Mistari ni mitano. Basi juzi nilinakili ukurasa wako, nikautia wino, nikaifyatua ya sita. Nilichora moshi mzuri, Muzee, hata wewe ungeusifu. Lakini kabla ya kuupeleka fotokopi nilihesabu upya katika vitabu vyote, kama ulivyonizoesha, nikapata saba.

Kosa ni langu. Ulipokuwa umelazwa nilimaliza peke yangu kile kitabu cha kunguru, nikaona kimepoa, nikamfanya Nungu afyatue hewani kuwatawanya. Sikupiga mstari. Ulipotoka hospitali ulikisoma, ukakifunga, ukaomba chai.

Nilikuchukia kidogo. Si ungeniambia? Kile kitabu kimeshauzwa kila mahali, hakifutiki. Nikautoa tena ukurasa wako wa penseli, nikautazama vizuri. Macho ya Nungu yana hofu. Nilidhani ni mkono wako uliotetemeka kwa ugonjwa. Na nyuma yake, yale niliyodhani ni majani ni vichwa, ni mizigo, ni mama amemwinua mtoto. Wanavuka daraja. Ulijua bastola ni tupu, na Nungu anajua. Asiyejua ni Chui peke yake.

Papa hakuwa hata na bastola tupu. Alitoka mlangoni akaanza kumsalimia yule mtu, salamu ndefu, za kumuuliza hali ya ng'ombe, hali ya watoto, na sisi tukapitia nyuma, migombani. Miaka yote hii nimemkasirikia kwa zile salamu. Niliona ni woga. Juzi ndipo nilipomlilia papa, Muzee, nikiwa na karatasi yako magotini.

Nakala yenye moshi nimeichoma. Mama muuza makala atanitukana, na atakuwa na haki yake.

Pumzika sasa, mwalimu wangu. Mama Solange hatalala njaa nikiwepo. Na ukurasa wako nitautia wino kama ulivyouacha, isipokuwa kitu kimoja ambacho naomba unisamehe. Nakuahidi nitaanza na wale wanaovuka, mmoja mmoja, nimpe kila mtu uso. Nikifika kwa Nungu nitamfungua mdomo kidogo, awe anamuuliza Chui hali ya watoto wake.

Mwanafunzi wako,
Furaha