Ngano ya Mama

4 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai umeamka salama na miguu imepunguza kuvimba. Mimi nipo, nasogea.

Tumbo lililonisumbua miaka yote limepata jina. Wamenipima damu, wakaniingizia na kamera tumboni. Ugonjwa huu daktari anauita siliaki. Ngano na shayiri zina gluteni, ile inayofanya unga uvutike ukikandwa, nayo inaharibu utumbo wangu. Nimekatazwa kuzila maisha yangu yote.

Nakuja mwezi ujao. Nipikie wali au viazi tu, na sufuria isiguse unga, tafadhali.

Binti yako

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima wa kujikongoja. Unga naukanda nikiwa nimeegemea meza, lakini mikate inatoka.

Hayo si mambo ya watu wanaotaka kupunguza kiuno? Mshona nguo wa jirani aliacha mkate ili apungue. Sasa anakula biskuti za pakiti zilizoandikwa "bila gluteni", na gauni halifungi. Wewe mwembamba kama ufito unapunguza nini? Mkate wa tanuri hili ndio uliokulea. Kidogo hakiui mtu. Njoo nikulishe.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nilifika salama. Nisamehe kuondoka kabla ya siku yangu.

Ule mchuzi uliutia unga uwe mzito. Nilipokuuliza ukasema, "Kijiko tu, mbona hata hukusikia ladha?" Kijiko hicho kimenilaza wiki nzima, na msimamizi wetu pale kwa dobi ninapofanya kazi amenipa onyo kwa kutokwenda.

Sina hasira, mama, nimechoka. Nimechoka kuwaeleza watu kazini kwamba hii si fasheni, wala si mzio wa kujikuna, na kwamba kuchomoa nyama katikati ya mkate hakunisaidii. Nilidhani nyumbani sitaeleza.

Lakini nilikuona nawe. Kutoka mezani hadi kwenye tanuri unapumzika juu ya gunia. Kucha zako ni nyeupe. Daktari anasema ugonjwa huu hufuata ukoo. Nenda ukapime.

Binti yako

11 Juni

Mama,

Shikamoo. Hujajibu. Simu nayo hupokei. Mke wa fundi baiskeli, msaidizi wako, ananiambia tu "yupo". Yupo vipi? Kama umenuna, nuna, lakini niandikie.

Binti yako

30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sikununa. Nilianguka mbele ya tanuri, nikamkataza msaidizi wangu asikwambie, maana ungeacha kazi.

Ulipoondoka niliacha mkate kimyakimya. Nilitaka nione kama unasema kweli. Tumbo likatulia kidogo, ndipo nikaenda kupima. Daktari akaniuliza, "Umeacha lini?" Nikamwambia. Akasema nimeharibu kipimo, nirudi nikale mkate kwanza, la sivyo ugonjwa utajificha. Basi nikala, kila siku, kwa amri yake, nikijua sasa kinachoingia. Ndiyo siku zile nilipoanguka. Damu yangu ilikuwa haba.

Majibu yametoka. Ni ugonjwa wako huohuo.

Nikamuuliza, "Na kuonja tu, nijue chumvi imekolea?" Akasema hata kuonja. Miaka yote nilidhani kazi ndiyo inanichosha, kumbe na chakula nacho.

Tanuri nimempa mke wa fundi baiskeli, amelihamishia kwake, maana vumbi la unga lilikuwa linatua hata kwenye mto wangu. Ubao wa kukatia nimeuchoma. Wateja wakija nawaelekeza huko, wanaondoka wakinitazama kama mtu aliyefiwa. Alfajiri naamka kwa mazoea, nakaa kitandani, mikono haina la kufanya. Sijawahi kuwa mtu mwingine zaidi ya mama mikate.

Leo nimelala tena mpaka jua likaingia chumbani. Sijui ni ugonjwa unaotoka au ni huzuni. Wewe ilikuchukua muda gani uchovu kukuacha?

Mama yako

9 Julai

Mama mpenzi,

Shikamoo. Uchovu bado haujaniacha wote. Unapungua taratibu, hujui hata kama unaenda. Juzi nilipanda ngazi na kikapu cha mashuka, nikafika juu ndipo nikakumbuka sikusimama njiani. Nikaweka kikapu chini, nikalia kidogo, nikaendelea na kazi.

Msimamizi amekubali nije huko kwa likizo mwisho wa mwezi. Lala hata mchana, usimwonee mtu haya. Usinipikie chochote. Nikifika tutakaa kwanza, halafu atakayekuwa na nguvu siku hiyo atabandika viazi.

Binti yako