Sera za Maziwa Zenye Jina la Marehemu

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nimechoka,

Mimi ni karani katika kiwanda kidogo cha maziwa hapa Kitale, na sera zetu zote za usafi ziliandikwa na marehemu mume wangu Khaemba, aliyekuwa msimamizi wa usafi hapa, katika akaunti yake mtandaoni, na kila asubuhi mfumo wa ukaguzi huzivuta kutoka huko, kwa hivyo nikirekebisha kitu kwenye mfumo, kesho yake kimerudi kama alivyokiandika yeye. Tulimzika kwao Chwele mwezi wa pili, nikarudi kazini nikakuta sera inangoja idhini yake, na kwa kuwa nilijua neno lake la siri nikaingia nikaidhinisha kwa jina lake, nikasema ni hii moja tu, lakini nimefanya hivyo miezi saba. Kimaiyo anayepokea maziwa alinitania, "Mama, ati mzee bado anatupa amri? Si apumzike bana!" nikacheka naye, halafu nikaenda kujificha stoo. Sasa tumenunua tangi jipya lakini sera bado inaeleza kuosha lile la zamani, mkaguzi anakuja Alhamisi, na kila nikifungua maandishi yake nakuta sentensi kama "Mkebe ukinuka, usibishane nao, rudisha," na ndivyo alivyokuwa akiongea hata jikoni, nami siwezi kuifuta. Nifanyeje?

Phelista

Dada Phelista,

Pole sana. Lakini idhini ya mwezi wa tano yenye jina la mtu aliyezikwa mwezi wa pili, utaielezaje? Na wakiosha tangi jipya kwa maelekezo ya tangi la zamani, mtoto wa mtu akiugua kwa maziwa hayo, aulizwe nani? Khaemba?

Usingoje Alhamisi. Leo nenda kwa meneja, umwambie kwa mdomo wako, tarehe kwa tarehe. Huenda ukapewa barua ya onyo, ipokee. Usifute zile idhini. Meneja ateue mtu mwingine wa kusimamia sera, si wewe, maana mkono wako utakataa. Zihamishiwe akaunti ya kiwanda, zirekebishwe huko, mfumo nao uzivute kutoka huko, na wafanyakazi wazisome upya na kutia sahihi. Kabla ya hayo, omba ruhusa uchapishe nakala ya zamani, uipeleke nyumbani. Hiyo ni ya mumeo. Ya kiwanda ni lazima ibadilike.

Ukimaliza kumweleza meneja, keti hapo hapo ofisini kwake. Ukilia, lia. Ila usiguse kompyuta tena leo.