Jaki alikuwa na mayi ku mugongo

Constance, ile gilet ya kubeba chupa ya mayi ku mugongo ulinunulia imbwa yenu, usimuvalishe kwanza. Soma.

Jaki alikufa. Imbwa yetu Jaki! Na chupa ilikuwa imejaa mayi ku mugongo.

Mutoto wetu Deborah alimupeleka kutembea, jua kali. Mbele batoke, papa yake Adalbert alikaza kifuniko ya chupa na pince, ile koleo ya chuma, ati mayi isimwangike. Mutoto wa miaka saba ataifungua namna gani?

Jaki akaanza kuyumba pale bantu banapanga bidon za kuteka mayi ku robinet. Deborah akabaomba: "Papa, munifungulie, imbwa yangu iko nakufa na kiu."

Bakacheka. Constance, bakacheka! Mama moya akasema: "Imbwa inavaa mayi, na siye robinet inakauka! Ajifungulie yeye mwenyewe."

Ajifungulie mwenyewe. Imbwa!

Mutoto akaluma kile kifuniko mpaka mudomo ikatoka damu. Jaki akaanguka. Akamubeba mu mikono mpaka ku nyumba.

Adalbert akafungua mara moya tu. Deborah akamunyanganya chupa, akamwanga mayi yote mu kinywa ya Jaki. Ikapita pembeni.

Sasa Deborah analala na ile gilet mu mikono, ingali inaloba mayi. Hataki mutu aiguse.

Constance, tafazali. Mutoto wako Olive afungue ile chupa yeye mwenyewe, mbele ya macho yako. Kisha njo batoke.