Video Yangu Imeacha Kukwama

Jumanne, Tena

Halafu watu waseme mzee hana kazi. Tangu niboreshe Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, wiki iliyopita, video ya wosia ninayowatengenezea wajukuu imekuwa ikikwama, midomo yangu ikibaki nyuma ya maneno. Niliogopa, nakiri. Pumzi zimebaki chache, na sikutaka wanikumbuke hivyo.

Mjukuu wangu Wambui alicheka. "Guka, hii mashine imezeeka. Si tununue ingine Eastleigh?"

"Na mimi niliyezeeka je, mtanunua mwingine badala yangu?"

Nikasoma rekodi za mfumo polepole, kikohozi kikinikatiza. Kumbe kadi ya picha, inayopaswa kuchora video, ilikuwa imelala tu. Programu ya kuiendesha ilikuwa ya mfumo wa zamani, kwa hiyo prosesa, ubongo wa mashine, ilichora kila kitu peke yake. Nikaweka toleo linalofaa, nikazima mashine, nikaiwasha tena.

Video ikatiririka kama maji.

"Guka, wewe ni noma!" Wambui akapiga kelele hadi jirani akachungulia.

Kesho mchungaji anakuja kuniombea na kusikia toba yangu. Nitatubu hasira, nitatubu ubishi. Majivuno ya leo sitayataja. Mungu ameshayaona, na nadhani alitabasamu.