Jina Lenye Lilibakia Johannesburg

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa 6, 2025

Biro, Area 18, Lilongwe. Site ya shirika letu ku intaneti, ile ya kutuma bafundi Zambia kusoma mwaka moja, ilikuwa pole sana. Kule Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, muntu anabonyeza, anangoja, bundle inakwisha, ukurasa haujafunguka. Monsieur Guy, mukubwa wangu, alisema niifanye ikimbie ao atafute mwingine. Alisema akiwa anakula nsima, ugali wa huku. Hakuniangalia.

Leo nimemaliza. Kurasa zetu ni maandishi tu, hazibadiliki kila saa. Kwa hiyo nimeweka kopi zake kwenye serveri ya karibu, Johannesburg, ili bantu basiende kuzitafuta Ulaya kwenye serveri yenyewe. Tena nimeandika programu kidogo ya kupasha moto kashe, ile akiba ya kopi — inafungua kila ukurasa kabla bantu hawajafungua, kopi zinakaa tayari. Kila kopi inadumu siku saba, kiisha inachukuliwa mpya. Saba ni mi njo nilichagua.

Jumatano, tarehe 4

Liste ya bafundi imetoka. Bantu kumi na mbili. Nilipasha kashe asubuhi na mapema, saa mbili kambi nzima ikafungua. Sekunde moja tu!

Wa kumi na mbili ni Papa Dieudonné, fundi cherehani, jirani yetu, muntu wa Fizi. Bibi yake wa ndoa, Mama Véronique, alikuja kwetu na unga ku mikono, akanikumbatia hivyo hivyo.

"Gabriella, we njo umetuletea."

Nilisema hapana, mi ni wa mashini ya kompyuta tu. Lakini nilisikia utamu. Kama vile ni mimi kweli.

Ijumaa, tarehe 6

Wafadhili bamepunguza nafasi moja. Guy alikata jina la Dieudonné kwa kalamu, simu ku sikio.

Nilimuuliza juu ya nini yeye.

"Juu iko wa mwisho ku liste."

Nani atamwambia?

"Atasoma."

Nilibadilisha ukurasa. Guy akafungua ku mashini yake, akahesabu kumi na moja, akasema zikomo, asante ya huku. Nikarudi kambini. Sikupita kwa jirani. Niliona haya, na nilikuwa na njaa.

Jumapili, tarehe 8

Kanisani bamemuita Papa Dieudonné mbele. Pasta amemuwekea mikono ku kichwa. Mi nikadhani banamfariji.

Hapana. Banamuaga.

Jana aliuza cherehani mjini, soko la Tsoka. Nafasi yake ku soko la kambi amemuachia Ndayiragije, Murundi mwenye kushona mabegi. Nilimuomba Mama Véronique simu, nikafungua liste. Kumi na mbili. Jina liko pale, safi kabisa.

Ilinichukua wimbo mzima kuelewa. Mashini ya Guy ni ya biro, inafungua serveri yenyewe, Ulaya. Kambi inafungua kopi ya Johannesburg. Siku ya Ijumaa nilibadilisha ya Ulaya, sikufuta ya Johannesburg. Kazi ya dakika moja. Ningeifanya Ijumaa, leo cherehani ingekuwa kwake.

Kiisha ibada baligawa wali, Papa Dieudonné njo alilipa. Ningesema palepale. Mdomo ulikuwa umejaa wali wa sherehe. Nilitafuna, nikameza, nikaongezewa.

Jumatatu, tarehe 9

Nimemwambia Guy yote. Aliuliza nani anajua. Nikasema mi na wewe.

"Futa hiyo kopi."

Nimefuta. Saa nne jina lilikuwa limetoka ku simu zote.

"Sasa batauliza," Guy akasema. "Andika tangazo. Jina moja liliingizwa ku liste kwa ujanja, na muntu wa inje. Limeondolewa."

Nilimwambia si kweli, Monsieur. Akafungua kabati, akatoa karatasi yangu, ile ya kuniruhusu kutoka kambini kufanya kazi. Inaisha mwezi huu. Yeye njo anasaini. Aliiweka mbele yangu, akaenda kuchukua chai.

Niliandika tangazo. Nikasahihisha hata nukta. Kiisha nikapasha kashe moto, juu njo utaratibu, na kambi nzima ikalifungua kwa sekunde moja.

Jumanne, tarehe 10

Banamuita Papa Dieudonné "wa ujanja". Bantu balewale benye kula wali wake. Mwanamke moja ku bomba la maji aliuliza kwa sauti kama huko Zambia banafundisha kuiba. Mama Véronique alikuwa ku mustari, na ndoo. Bakamrudisha nyuma ya mustari, akabeba ndoo akaenda huko.

Papa Dieudonné alienda kwa Ndayiragije kuomba nafasi yake. Ndayiragije alimwambia bila kuacha kushona: we ulisema unaenda, sasa enda.

Pasta amesema Papa Dieudonné asiimbe kwanza ku korali ya kanisa, mpaka mambo yaeleweke.

Mi nilichota maji yangu. Nilipita mbele kwa haraka, juu nilikuwa nachelewa kazini. Bantu balinipisha.

Jumatano, tarehe 11

Guy amesaini karatasi yangu. Miezi sita. Amesema site yetu ni ya mbio kuliko zote za Lilongwe, na atanionyesha kwa wafadhili.

Alhamisi, tarehe 12

Niko nyumbani, siku ya kupumzika. Papa Dieudonné amekuja na bibi yake. Amepiga pasi shati. Anataka nimuandikie barua ya kupeleka biro yetu, kwa kompyuta, juu bakiona maandishi ya mukono hawatasoma.

Alikaa ku kiti kidogo, akasema polepole ili nifuate.

"Andika: mi sikuingia ku mashini ya muntu. Hata kufungua mashini sijui. Naomba mwenye aliandika lile tangazo aje aniambie mbele ya kanisa ujanja wangu ni upi." Kiisha akaniuliza: "Utajua ni nani, binti yangu? We unakaa nao kule."

Nimesema nitauliza.

"Mungu akubariki."

Ametoka kuchukua kadi yake ya ukimbizi, niweke namba yake ku barua. Mama Véronique amebakia ku mlango. Anaangalia vidole vyangu vinavyobonyeza, haoni skrini. Anadhani niko naandika barua. Niko naandika hii.

Sasa hivi ameniuliza nimefika wapi ku barua.

Nimemwambia: ku tarehe.