Sauti Ndefu ya Mama Mdogo

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, na natumaini mzigo huu utakukuta mzima wa afya, kile kikohozi kimekuacha, na yule msimamizi wako anayekupangia kutengeneza lifti mbovu kuliko za wenzako amepunguza roho mbaya. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri. Goti linamsumbua asubuhi, lakini likishapata moto anatembea kunizidi. Mimi bado nafundisha watu udereva na kutwa nzima mguu wangu uko kwenye breki ya pili. Juzi mwanafunzi mmoja alinipandishia gari kwenye bustani ya maua ya benki huku ananiambia nisiwe na wasiwasi. Kwa hiyo tupo, tunaendelea.

Najua umefungua boksi kabla ya kusoma barua. Nakujua tangu unanyonya. Sasa rudishia kifuniko, kaa chini, na usizivae kwanza. Ningeweza kukupigia simu, ila wewe kwenye simu unanikatiza kila neno la tatu, na haya nataka uyapate yote, moja baada ya jingine, mpaka mwisho.

Ulituomba jambo dogo, au ndivyo nilivyodhani. Ulisema umehangaika muda mrefu kati ya aina mbili za spika za masikioni, nyeusi na za rangi ya fedha, zote za bei mbaya, na huko uliko umezijaribu zote mbili mpaka muuza duka akaanza kukukimbia. Ukanitumia maelezo ya besi, ya sauti za kati, ya sauti za juu, mpaka nikadhani unaposa. Mwisho ukasema lililokuwa moyoni. Kwamba unazitaka kwa ajili ya wimbo mmoja tu, ule wa kwaya ya kiwanda cha nguo, ambao mama yako, Mama Mdogo wangu, ndiye aliyeuongoza. Kwamba wewe huwezi kujua ni zipi zinazomtoa kama alivyokuwa, kwa sababu alifariki ukiwa hujaweza hata kusimama bila kushika kiti. Na kwamba aliyebaki duniani anayeijua sauti yake ni Mama peke yake, basi nimpeleke Mama dukani, avae zote mbili, aseme ni zipi zina mdogo wake ndani.

Nilicheka ulivyoliweka. Tangu tukiwa wadogo nakuona na wimbo ule. Ukilia, mtu anawasha redio kaseti, sauti ile ndefu ya ubeti wa tatu inaanza, inakwenda, inakwenda, haikatiki, na wakubwa wanakuambia msikilize mama yako. Na wewe unanyamaza na mdomo wazi. Nilikuwa nakuonea wivu, nakuambia leo. Mimi mama yangu alikuwa jikoni ananigombeza, wako alikuwa kwenye redio anaimba.

Basi tukaenda. Duka lenyewe liko ghorofani, juu ya wauza miwani, chumba kidogo chenye zulia nene na viti viwili vya kuegemea. Muuzaji ni baba mmoja mtulivu, amejaa mvi, anavaa glavu kama daktari wa meno. Alimkalisha Mama, akamwangalia masikio kwa heshima zote, akamchagulia vipira vya spika vinavyomkaa vizuri, akavifuta kwa spiriti mbele ya macho yake. Mama alipenda sana kufutwa kule. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huyu mtu amelelewa.

Alianza na nyeusi. Ndugu yangu, ungemwona. Mikono ilikuwa juu ya mkoba, vidole vikaanza kupiga mapigo ya wimbo vyenyewe. Alifumba macho. Wimbo ulipokwisha akasema ni kama kukaa katikati ya wenzake wote, sauti zimeshikana, nzuri, za uvuguvugu, kila mtu yupo na hakuna anayemzidi mwenzake. Nami nikazivaa, na kweli, nisikudanganye, sikujua kama ule wimbo tuliouzoea una unene ule. Nilitamani kulia kwa ajili ya ngoma tu.

Halafu akavaa za rangi ya fedha. Ubeti wa kwanza alitikisa kichwa kwa mshangao. Wa pili akatabasamu, akataja jina la utani la mwanamke aliyekuwa akipiga kayamba, maana alimsikia waziwazi, na bangili zake. Ukaja wa tatu. Sauti ndefu ikaanza, na kabla haijaisha Mama akazichomoa zote mbili kwa pamoja, akaziweka mezani. Akasema tuchukue nyeusi. Nikamuuliza kulikoni, akasema zile zinamuumiza masikio. Muuzaji akaleta vipira vidogo zaidi, akavikataa. Akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu chini ya kiti.

Unanijua, siwezi kuacha jambo likapita hivihivi. Nikazivaa mwenyewe. Na hapo, mdogo wangu, nilivua kofia. Zile spika si mchezo. Nyeusi zinakupa kwaya, hizi zinakupa watu, mmoja mmoja, na nafasi kati ya bega na bega. Nilisikia mtu akimeza mate. Nilipofika kwenye sauti ndefu nikasikia kitu cha ajabu: inaanza upande wa kushoto, halafu katikati ya safari inahama. Inasogea hatua moja kuja kulia. Nikarudia, ikahama tena palepale.

Nikamgeukia yule baba wa watu. Nilimwambia, na sauti yangu unaijua, kwamba bei yote ile halafu sikio moja linazidi jingine, je angetuuzia mzigo mbovu tuusafirishe huko mbali? Maskini, alitoa jasho. Akabadilisha waya. Ikahama. Akafungua boksi jipya kabisa, akapasua karatasi yake mbele yetu. Ikahama. Akazivaa mwenyewe, akakunja uso, akasema kwa upole kwamba anavyosikia yeye spika ni nzima. Nikamwambia hata mimi wanafunzi wangu wote huniambia hawana kosa.

Ndipo Mama aliposema, bila kuinua kichwa: "Mwache baba wa watu. Spika zake hazina kosa. Pale aliyekuwa anaimba amebadilika."

Muuzaji ni mtu mwenye akili. Alisema anakwenda kutafuta risiti, akatokomea chumba cha nyuma, na hatukumwona tena mpaka tulipoinuka.

Sasa nakueleza kama Mama alivyonieleza kwenye kile kiti. Pale kiwandani, wafumaji, yeye na mama yako wakiwemo, walikuwa na jambo lao waliloliita kupokea. Mashine yako haikuruhusiwa kusimama. Ukibanwa, ukizidiwa, ukiwa na mtoto mgonjwa unataka kutoka mara moja, unamgusa jirani yako, naye anashika mashine zote mbili, yake na yako, kitambaa kinaendelea na msimamizi hajui. Ukirudi unakikuta kimeongezeka, na ni chako, kinaandikwa kwako. Aliyekupokea hasemi. Hasemi siku hiyo, hasemi kesho, hakudai shukrani. Anayesema haguswi tena na mtu, na kwenye chumba kile kutoguswa kulikuwa adhabu kubwa.

Na kwenye kwaya waliimba vilevile. Anayeishiwa pumzi anamgusa wa pembeni, wa pembeni anaingia humohumo kwenye sauti, kwa kimo kilekile, na anayesikiliza hatakiwi kugundua. Mama na Mama Mdogo walikuwa na sauti za kufanana kiasi kwamba hata bibi yetu akiwa chumba cha pili aliita jina siyo.

Siku ya kurekodi walisimama bega kwa bega. Sauti ndefu ilianza, ni ya mama yako, na ni nzuri sana, Mama amesema niandike hivyo, nzuri kuliko yake. Haikufika mbali. Mama akahisi kidole kwenye kiwiko. Akapokea. Kile kipande chote kirefu kinachofuata, kile ambacho watu walikizungumzia mpaka msibani, kile ulichonyamazishiwa ukilia, kilikuwa cha Mama.

Nilikasirika, sikufichi. Nilimuuliza inakuwaje amekaa nacho miaka yote hii. Akanijibu kwa utulivu kwamba kitambaa kilishaandikwa kwa mwenyewe. Na kwamba baadaye, mdogo wake alipokwisha kuzikwa, kulikuwa na mtoto mdogo ndani ya nyumba anayenyamaza kwa kitu kimoja tu. Angemwambia nini? Amnyang'anye? Alizitaka nyeusi kwa sababu ndani yake zile sauti mbili zimeungana vizuri, hakuna mshono, na wewe ungebaki na mama yako kama ulivyompata.

Tulirudi nyumbani mikono mitupu. Kesho yake nilimkuta anakunja nguo, nikamwambia lililokuwa linanikaba. Kwamba unamngoja mama yako mahali ambapo hayupo, na pale alipo unapita moja kwa moja. Alikunja mashuka mawili. Kisha akaniuliza, je ukisema kifo kilikuibia mama yako, na sasa yeye naye amekuibia tena? Nilimwambia tu kwamba nakufahamu, na hasira zako hazivuki chakula cha jioni.

Akaniomba nimrudishe dukani. Muuzaji alimpokea kama mgeni rasmi, akafuta vipira upya. Safari hii Mama alizivaa za rangi ya fedha na kuusikiliza wimbo wote, mwanzo mwisho, na kwenye sauti ndefu aliushika mkono wangu lakini hakuzichomoa. Ilipokwisha sauti ndefu, mama yako anaingia tena, anaianza ile mistari ya mwisho. Mama akafumbua macho. Akaomba arudishiwe pale. Tena. Akaanza kucheka machozi yakimtoka, akaniambia nisikilize neno la kwanza anaporudi, linavyotikisika.

Nikasikiliza. Linatikisika kweli. Tumelisikia maisha yetu yote na kudhani ni kaseti imechoka.

Mama akasema: "Anacheka. Mtoto alimpiga teke, likanifikia mpaka mimi ubavuni. Nilikuwa nimesahau kabisa."

Ndiyo, mdogo wangu. Sisi tuliambiwa wimbo ulirekodiwa kabla yako, na kwa hesabu za watu wakubwa kabla yako maana yake ni kabla hujazaliwa. Hakuna aliyefikiri kukuambia kwamba siku ile tumbo lilikuwa limetangulia mbele, na wewe umo ndani. Mama anasema ulikuwa umekaa juu sana, chini ya mbavu, umemjaza mama yako mpaka hewa haina pa kwenda, na bado aligoma kumwachia mtu mwingine wimbo wake. Fundi mitambo alimtaka aketi, akakataa. Nikiwaza mwanamke yule, na mzigo ule, na bado anaanzisha sauti ambayo mtu asiyebanwa na chochote kifuani angeiogopa, nasikia fahari. Na nikimwangalia huyu mwingine jikoni, aliyeishika sauti ya mwenzake ikaandikwa kwa mwenzake, akaisikia inasifiwa kila mwaka na asifungue mdomo, sijui nimweke wapi. Nimekaa naye nyumba moja nikidhani namjua.

Ni yeye aliyesema tuchukue hizi. Alimwambia muuzaji azifunge vizuri maana zinakwenda mbali, na akanitaka mimi niandike, kwa sababu yeye akianza hatamaliza. Anangoja simu yako. Hasemi kwamba anangoja, ila simu anatembea nayo mpaka bafuni. Ukipiga, tafadhali usianze na mimi.

Anakusalimu sana, anasema ule mboga na usilale na dirisha wazi. Majirani wanakusalimu. Muuzaji wa spika naye anakusalimu ingawa hakujui, na ameniomba radhi mimi, wakati mimi ndiye niliyemkosea.

Sasa unaweza kuzivaa. Mama yako ni yule wa kushoto, mwanzoni mwa sauti ndefu, kipande kile kifupi. Utakisikia kinakatika, kisha mwingine anapokea. Usije ukasema hapo kwamba mama yako alishindwa. Alikuwa anapumua kwa watu wawili.

Ni mimi dada yako,
Mwalimu wa Breki